Akiba Iliyo Chini ya Tope: Jinsi Majaruba ya Mpunga Yanavyoweka Kaboni



Baada ya mavuno ya mpunga, ukisimama hapa Bomeni wakati wa jioni na kutazama upande wa majaruba, mara nyingi utaona moshi. Ukimwuliza mwenye shamba anafanya nini, atakujibu kwamba anasafisha shamba lake. Neno hilo la kusafisha ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kinachopaa na moshi ule si uchafu. Ni mali ambayo mpunga wako uliikusanya kwa muda wa miezi minne, na wewe unaipeleka mbinguni kwa kiberiti kimoja.

Mali hiyo huitwa kaboni. Wengi wetu katika Taita Taveta tumelisikia neno hili kutokana na mradi wa misitu ya Kasigau, kule upande wa Voi. Mwaka 2011 mradi ule ulikuwa wa kwanza ulimwenguni wa aina yake kupewa hati za kaboni chini ya kanuni iitwayo VCS. Kwa sababu hiyo watu wengi hufikiri kwamba kaboni ni jambo la miti na vichaka tu. Sivyo. Udongo unashika kaboni nyingi kuliko ile iliyomo katika hewa yote na mimea yote ya dunia ikiwekwa pamoja. Na katika udongo unaolimwa, ule wa jaruba la mpunga una namna yake ya pekee ya kuitunza. Tuitazame namna hiyo hatua kwa hatua, kisha tuone mkulima wa skimu anapata faida gani.

KABONI NI NINI?

Chukua kipande cha mkaa mkononi. Weusi ule unaokuchafua vidole ni kaboni. Kaboni imo katika kila kitu kilicho hai au kilichowahi kuwa hai: katika ukuni, katika unga wa mahindi, katika maziwa, katika samadi, na katika mwili wako mwenyewe. Ukikausha mabua ya mpunga na kuyapima, utakuta kwamba karibu kilo 40 katika kila kilo 100 ni kaboni tupu.

Mpunga hautoi kaboni hii ardhini. Unaitoa hewani. Katika hewa tunayovuta mna hewa ya ukaa, ile ile itokayo puani mwetu na katika moto. Jani la mpunga huivuta hewa hiyo, na kwa nguvu za jua huichanganya na maji na kutengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo hugeuka kuwa jani, shina, mzizi na punje. Kwa hiyo jaruba la kijani ni kama kiwanda kinachokamata hewa na kuifanya kitu cha kushikika.

Punje utazivuna. Lakini mizizi hubaki ndani ya tope, mashina hubaki pale mundu ulipopita, na mabua hubaki pale ulipopigia mpunga. Hata kabla ya kuvuna, mizizi iliyo hai hutoa majimaji yenye sukari ndani ya udongo. Pia katika yale maji yaliyosimama huota ukoga wa kijani, nao ukifa huzama na kuwa chakula cha udongo. Zote hizi ni njia za kaboni kuingia ardhini.

KWA NINI MAJI HUZUIA KUOZA

Sasa tufike kwenye siri yenyewe. Shamba la mahindi pia hupata mizizi na mabua. Kwa nini basi udongo wake hauweki kaboni nyingi kama jaruba?

Jibu liko katika pumzi. Ndani ya udongo wanaishi vijidudu wasiohesabika, wadogo hata jicho haliwaoni. Kazi yao ni kula mizizi, mabua na samadi. Wakila hupumua, kama wewe na mimi. Huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Katika shamba kavu lenye hewa tele, na katika joto la nchi yetu ya chini, wao hula upesi sana. Mabua uliyoyafukia mwezi huu, baada ya mwaka mmoja sehemu yake kubwa imekwisha kurudi hewani. Udongo wa namna hii ni kama mfuko uliotoboka.

Katika jaruba mambo ni mengine. Ukifungulia maji, hewa iliyokuwamo katika matundu ya udongo hufukuzwa na maji huchukua nafasi yake. Oksijeni hupita katika maji polepole mno, kama mara 10,000 polepole zaidi kuliko inavyopita hewani. Ile kidogo iliyobaki ndani ya tope huliwa na vijidudu, na mara nyingi huisha kwa siku moja au chache tu. Baada ya hapo vijidudu wanaotaka oksijeni hulala au hufa. Wanaobaki ni wale wanaoweza kuishi bila hewa, na kazi yao ni ya kujikokota. Tena ziko sehemu za mmea zilizo ngumu kama kuni, ambazo karibu haziwezi kuvunjwa kabisa pasipo oksijeni. Sehemu hizo hubaki na kurundikana mwaka hadi mwaka.

Akina mama wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Chakula kilichofunikwa pasipo hewa hukaa kuliko kilichoachwa wazi. Tope la jaruba nalo limefunikwa na maji.

SABABU NYINGINE MBILI: MFINYANZI NA KUTU

Maji peke yake hayatoshi. Majaruba mengi yako penye udongo wa mfinyanzi, kwa sababu mchanga haushiki maji. Chembe za mfinyanzi ni ndogo na bapa, nazo hushikamana na masalio ya mimea yaliyokwisha kulainika, hata vijidudu wasiweze kuyafikia. Masalio hayo yaliyoshikamana na udongo ndiyo tunayoyaita mboji ya udongo. Zaidi ya nusu ya mboji hiyo ni kaboni.

Sababu ya pili ni chuma. Udongo wetu wa nchi za joto una chuma nyingi, na ndiyo inayofanya ardhi ya Voi na Mwatate kuwa nyekundu. Jaruba likijaa maji na oksijeni ikiisha, vijidudu hupumua kwa kutumia chuma badala yake. Hapo chuma hubadilika, huacha wekundu wake na kuyeyuka katika maji ya tope, na udongo huwa wa kijivu au wa kibuluu. Maji yakitolewa na hewa ikiingia, chuma hurudi kuwa kutu, na ile kutu huikamata kaboni na kuifunga kama gundi.

Mpunga nao husaidia. Shina lake lina mirija ya hewa inayoteremka hadi mizizini, ndiyo maana haufi majini kama mahindi yanavyokufa. Hewa kidogo huvuja kutoka mizizini na kufanya kutu kuzunguka kila mzizi.

Mwisho, kule kuvuruga tope mwaka baada ya mwaka, kwa jembe, ng'ombe au trekta, hufanya tabaka gumu chini ya tope, kwa kawaida baina ya sentimita 15 na 25. Tabaka hili huzuia maji yasipotee chini, na kwa hiyo pia huzuia mali iliyo juu isisombwe nayo.

JIONEE MWENYEWE

Usiniamini kwa maneno tu. Nilipokuwa nikifundisha shule niliona kwamba mtoto husahau alichoambiwa, lakini alichokifanya kwa mikono yake hukishika. Basi fanya majaribio haya matatu. Hayagharimu kitu.

Jaribio la kwanza. Ingia katika jaruba lililokaa na maji kwa mwezi mmoja au zaidi. Chimba tope kwa koleo hadi kiasi cha kiganja na nusu, ulitoe bila kulivuruga. Juu kabisa utaona ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia. Hapo ndipo oksijeni ya majini inapoishia. Chini yake ni kijivu au cheusi. Na pembeni mwa mizizi utaona mistari ya rangi ya kutu. Sasa liache donge hilo kivulini kwa siku kadhaa. Utaona kijivu kikigeuka kuwa kahawia pole pole kadiri hewa inavyoingia.

Jaribio la pili. Chomeka fimbo katika tope la jaruba hilo. Utaona mapovu yakipanda juu. Hiyo ni hewa iliyotengenezwa na vijidudu wasiotaka oksijeni. Ikumbuke, kwa maana tutaizungumza tena mbele.

Jaribio la tatu. Kausha udongo wa jaruba juani mpaka ukauke kabisa, kisha pima nusu kilo kwa mizani ya duka. Utie katika kopo la bati na ulikalishe juu ya makaa makali kwa muda mrefu, ukikoroga, mpaka udongo uache kutoa moshi. Uache upoe, upime tena. Umepungua, na weusi wake umekwenda. Kilichopotea ni unyevu uliokuwa umejificha pamoja na mboji iliyoungua. Fanya hivyo hivyo kwa udongo wa shamba lililochoka, ulinganishe.

Lakini tahadhari: usihukumu udongo kwa weusi tu. Ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, unaweza kuwa mweusi sana na bado ukawa na mboji kidogo. Ukitaka kujua hakika, peleka udongo ukapimwe.

HESABU YA EKARI MOJA

Sasa tufanye hesabu. Udongo wa ekari 1, kwa kina cha sentimita 15, una uzito wa tani 700 hivi. Tuseme umepimwa na kukutwa na kaboni 2 katika kila 100. Maana yake ekari hiyo ina tani 14 za kaboni. Katika mboji, pamoja na kila sehemu 10 au 12 za kaboni kuna sehemu 1 ya naitrojeni, ile mbolea ya kukuzia majani. Kwa hiyo ndani ya tope la ekari moja mna zaidi ya tani 1 ya naitrojeni iliyowekwa akiba.

Akiba hiyo haitoki yote kwa mara moja. Tuseme kila mwaka hutoka sehemu 2 katika kila 100. Hizo ni kilo 20 na zaidi za naitrojeni. Mfuko 1 wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Basi udongo wako unakupa kila mwaka kitu kama mfuko mmoja wa yurea kwa ekari, pasipo deni wala foleni. Hata mkulima anayetia mbolea ya dukani vizuri, mara nyingi zaidi ya nusu ya naitrojeni inayoingia katika mpunga wake hutoka udongoni wala si mfukoni.

Tufanye na hesabu ya mabua. Ukivuna kilo 2,500 za mpunga katika ekari, umepata pia karibu kilo 2,500 za mabua, au zaidi. Ndani yake mna tani 1 ya kaboni, kilo 12 hadi 20 za naitrojeni, na kilo 30 hadi 40 za potasi. Ukiyachoma, kaboni karibu yote na naitrojeni karibu yote huenda na moshi. Potasi nyingi hubaki katika majivu, lakini ukichoma rundo mahali pamoja, majivu hurundikana hapo, na sehemu nyingine za shamba hazipati kitu. Mwenye kuchoma amelipa ili afilisike.

USHAHIDI WA NCHI NYINGINE

Pengine utauliza: je, akiba hii hudumu kweli? Wachina wamelima mpunga kwa maelfu ya miaka. Kule Cixi, katika jimbo la Zhejiang, watu walikuwa wakijenga kingo kuzuia bahari kila baada ya vizazi kadhaa na kuifanya ardhi mpya kuwa mashamba. Kwa hiyo hapo pana majaruba yenye umri wa miaka 50, na mengine ya miaka hata 2,000, na kando yake mashamba makavu. Wataalamu walipopima, walikuta udongo wa juu wa majaruba una kaboni nyingi kuliko ule wa mashamba makavu.

Katika Ufilipino, Chuo cha Kimataifa cha Utafiti wa Mpunga, IRRI, kilianza jaribio kule Los Baños katika miaka ya mwanzo ya 1960, la kulima mpunga mfululizo katika udongo wenye maji, na baadaye mara tatu kwa mwaka. Kwa miongo mingi mboji ya udongo ule haikupungua. Shamba kavu lililolimwa mara tatu kila mwaka kwa miaka kama hiyo lingekuwa limechoka kabisa.

Hapa Kenya tunayo Mwea, skimu iliyoanzwa katika miaka ya 1950, ambayo kwa miaka zaidi ya 60 imekuwa ikitoa mpunga katika udongo ule ule. Huko mabua yana soko kubwa kwa wafuga ng'ombe wa maziwa, nayo husafirishwa mbali. Ni fedha nzuri kwa mkulima, lakini lori likiondoka na mabua limeondoka pia na mbolea, nayo isiporudi, akiba hupungua.

JINSI AKIBA INAVYOPOTEA

Nimekwisha kutaja moto na lori. Ziko njia nyingine mbili.

Ya kwanza ni kuligeuza jaruba kuwa shamba kavu kwa muda mrefu. Wako wanaotoa mpunga ili waweke mahindi, nyanya au vitunguu. Sisemi ni kosa. Bei ya sokoni ina haki yake, na kupanda kunde au maharagwe baada ya mpunga ni jambo jema. Lakini jua kinachotokea. Ukifungulia hewa katika tope lililofungwa miaka mingi, wale vijidudu waliolala huamka wakiwa na njaa. Miaka ya kwanza mazao hustawi ajabu, kwa sababu akiba inatolewa upesi. Mkulima husema, “Kumbe ardhi hii ni tajiri!” Ni kama mtu aliyeuza ng'ombe wake wote katika soko moja na kujiona tajiri. Asiporudisha samadi, baada ya misimu michache huona tofauti.

Ya pili ni kukosa maji kwa sababu ya ugomvi na uvivu wa mifereji. Mvua ya tambarare ya Taveta ni haba. Tunaishi kwa maji ya Kilimanjaro, yale yanayonyesha katika misitu ya mlimani, yakapita chini ya ardhi na kutoka katika chemchemi kama Njoro Kubwa, na yale ya mto Lumi unaoshuka mpaka ziwa Jipe. Mfereji ukiziba, jaruba la mwisho hukauka na kupasuka wakati la kwanza linafurika. Kumbuka pia kwamba udongo unaosombwa na maji yasiyotunzwa huishia ziwani, na mboji huwa katika ule wa juu unaosombwa kwanza.

UPANDE WA PILI WA JAMBO

Ningekuwa sikutendei haki kama ningenyamaza hapa. Yale mapovu uliyoyaona katika jaribio la pili yana hewa iitwayo methani. Vijidudu wasiotaka oksijeni huitengeneza kutokana na kaboni ile ile tuliyokuwa tukiisifu. Kilo 1 ya methani hushika joto la dunia kwa zaidi ya mara 25 kuliko kilo 1 ya hewa ya ukaa, katika muda wa miaka 100. Kwa hiyo jaruba huweka kaboni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hutoa hewa inayoongeza joto. Na joto likiongezeka na mvua zikiharibika, mkulima wa Bomeni ni miongoni mwa watakaoumia mwanzo.

Je, kuna njia ya kutunza akiba na kupunguza methani? Iko, tena inaokoa maji. Ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Methani hutengenezwa pale tu oksijeni ilipokosekana kwa muda mrefu. Ukiacha maji yashuke kidogo, hewa huingia na kuikatiza kazi hiyo. Njia hii hupunguza methani kwa karibu nusu, na maji ya kumwagilia huweza kupungua hata kwa sehemu 30 katika 100, bila kupunguza mavuno ikifanywa kwa uangalifu. Huko Mwea kilimo cha mpunga cha maji machache kililetwa mwaka 2009, na wakulima wengi wamekifuata.

Lakini hapa pana mpaka. Kukausha kidogo ni dawa. Kukausha sana ni sumu. Ukiliacha jaruba mpaka lipasuke nyufa, mpunga utateseka na mboji itaanza kuliwa. Ndiyo maana kuna kipimo, nacho nitakieleza sasa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usichome mabua. Kama shamba lina ugonjwa mkali, kwanza mwite Bwana Shamba akutazamie kabla ya kuamua.

2. Fukia mabua mapema. Yakate vipande, uyatawanye shamba zima, uyageuzie chini wakati udongo una unyevu lakini hauna maji yaliyosimama, angalau wiki mbili au tatu kabla ya kufungulia maji. Yataoza kwanza kwa hewa. Ukiyafukia leo na kupandikiza kesho, miche itakuwa ya njano kwa sababu vijidudu watainyang'anya naitrojeni, na methani itazidi.

3. Kama mabua unalisha ng'ombe au kuuza, rudisha kitu. Peleka samadi iliyoiva jarubani. Angalau acha mashina marefu kidogo wakati wa kuvuna, na usichimbe mizizi.

4. Tengeneza bomba la kupimia maji. Chukua kipande cha bomba la plastiki, au hata kopo refu, chenye urefu wa sentimita 30. Toboa matundu sehemu ya chini. Kizike kina cha sentimita 20, mahali ambapo waweza kukiona kutoka ukingoni, kisha toa tope lililo ndani.

5. Wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, acha maji yashuke yenyewe. Yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndani ya bomba, fungulia tena mpaka yawe sentimita 5 juu ya udongo. Rudia hivyo.

6. Mpunga unapokaribia kuchanua na unapochanua, usiunyime maji. Wiki moja kabla na wiki moja baada ya kuchanua, maji yasimame. Kiu wakati huo huleta mapepe.

7. Sawazisha jaruba. Penye kilima maji hayafiki, penye shimo hayaondoki, na bomba lako litakudanganya.

8. Ukiona ukungu mweupe wa chumvi au magadi juu ya udongo uliokauka, usianze kukausha kwa zamu kabla ya kupata ushauri, maana chumvi hupanda juu udongo unapokauka.

9. Pima udongo kila baada ya misimu kadhaa, na uandike majibu katika daftari. Asiyeandika hajui kama anapanda au anashuka.

MASWALI YANAYOULIZWA MEZANI KWANGU

Swali: Bwana Karani, mabua yakifukiwa hayaleti wadudu na magonjwa?
Jibu: Wadudu wengine, hasa watoboa shina, hujificha katika mashina yaliyoachwa wima. Kuyafukia mapema, majirani wote kwa wakati mmoja, huwaua wengi wao. Anayefukia peke yake huku jirani akichelewa hufaidi kidogo tu.

Swali: Je, nikifukia mabua mwaka huu nitaona mavuno makubwa mwaka ujao?
Jibu: Pengine hutaona tofauti kubwa. Katika tani 1 ya kaboni ya mabua, nyingi itarudi hewani, na sehemu ndogo tu itabaki kuwa mboji. Hii ni akiba ya posta, si mchezo wa bahati nasibu. Faida yake huonekana kwa miaka.

Swali: Je, nitalipwa fedha za kaboni kama watu wa Kasigau?
Jibu: Akija mtu na karatasi za namna hiyo, usitie sahihi peke yako. Mlete kwenye mkutano wa wakulima, isomwe kwa lugha mnayoielewa wote, na Bwana Shamba awepo. Lakini malipo ya kwanza ya kaboni ni ile naitrojeni ya tope lako, ambayo haina wakala wala dalali.

Ndugu Mkulima, wengi wetu tulipewa vipande hivi vya skimu baada ya kungoja sana, na havitaongezeka. Watoto ni wengi, ekari ni zile zile. Hati ya shamba inasema ukubwa wake tu. Haisemi kama ndani yake mna kitu au hamna. Hilo litajulikana siku mwanao atakapochota tope kwa koleo lake na kulitazama.

Basi msimu huu, kabla hujawasha kiberiti, zungumza na jirani zako wa mfereji mmoja. Kubalianeni siku ya kufukia mabua pamoja na siku ya kuzibua mfereji. Mwenye kutaka kuonyeshwa namna ya kutengeneza bomba la kupimia maji na aje Ofisi ya Kilimo wakati wowote wa kazi. Alete bomba lake. Msumari wa kutobolea tunao.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Bomeni